Harufu ya Bwawa Lililokauka

Perez alikuwa akikaanga samaki kwa masikio. Mafuta yakilia kwa sauti nene, alijua samaki bado ana maji ndani. Sauti ikipanda na kuwa nyembamba kama karatasi inayokunjwa, alijua ngozi imekauka na sasa ni wakati wa kumgeuza. Wateja wake wa Kariobangi, pale kwenye kona ya barabara inayoshuka kuelekea Kiamaiko, walisema Mama Lorraine, kama walivyomwita, ana mkono. Hawakujua kwamba tangu ule ugonjwa wa kifua uliozunguka dunia nzima umlaze kitandani, pua yake haikuwa imenusa kitu chochote.

Homa iliondoka, kikohozi kikaondoka, nguvu zikarudi, ila pua haikurudi. Daktari wa zahanati alimwambia asubiri. Akasubiri mwaka, akasubiri mwingine, mwisho akaacha kusubiri. Maziwa yalichacha kwenye sufuria naye yuko kando yake akichambua mboga. Siku moja gesi ilivuja jikoni, na binti yake Lorraine ndiye aliyetoka chumbani mbio kuifunga, akimpigia mamake kelele kama mtu anayemwamsha usingizini. Lakini yaliyomuuma zaidi ni mambo madogo ambayo zamani hakuyaona kuwa mali yake: shati la mumewe Owiti akitoka karakana ya reli, kichwa cha Lorraine kilichotoka kusukwa na kupakwa mafuta, chai ya maziwa inapoanza kupanda. Alikula kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika.

Nje ya nyumba yake hakumwambia mtu. Nani atanunua samaki kwa mwanamke asiyeweza kujua kama ameoza? Akajifunza kutazama macho ya samaki, kufunua matamvua aone wekundu wake, kubonyeza nyama kwa kidole na kungoja kama shimo litajaa. Hajawahi kumuuzia mtu samaki mbovu, na kwa hilo alijivuna kimyakimya.

Kisha samaki wa ziwani wakaadimika. Walifika soko la Gikomba wachache, na wachuuzi wakubwa walikuwa wamekwisha kuwagawana kabla jua halijatoka. Perez akasikia habari za mwanamke wa Kamulu, nje ya jiji, aitwaye Mwelu, mwalimu mstaafu wa kemia aliyechimba mabwawa shambani kwake akawa anafuga tilapia. Wakapatana kwa simu. Samaki waliletwa kwa gari dogo, wamelala juu ya barafu, macho maangavu, matamvua mekundu kama nyanya. Perez alifurahi. Akawapasua, akawatia chumvi, akawakaanga.

Mwezi wa pili, joto la Nairobi likiwa limekaza, wateja wakaanza kupungua. Kwanza walitoweka wale wa kupita njia. Halafu mafundi wa vyuma wa upande wa pili, ambao walikuwa hawakosi, wakaanza kununua maharagwe kwa mama mwingine. Perez alidhani ni hali ngumu ya maisha. Aliyemfumbua macho alikuwa Mumin, kijana muuza viatu, ambaye alikuwa mteja wake tangu akiwa na sare ya shule.

"Niaje, mathe," alisema Mumin, akiurudisha mezani mkia wa samaki aliokuwa ameubandua vipande viwili tu. "Usinikasirikie, sawa? Lakini hii samaki yako siku hizi ni kama nakula shamba."

"Shamba vipi?"

"Inanuka udongo, mathe. Si kuoza. Udongo tu. Kila mtu anasema, ni vile wanakuogopa."

Perez alicheka kama mtu aliyeambiwa mzaha, akamfungia chipsi za bure, akangoja aende. Kisha akachukua samaki mzima aliyemtoa mafutani wakati huo huo, akamweka kwenye sahani, akavuka hadi kibanda cha tatu, kwa Khadro.

Khadro aliuza viungo. Iliki, mdalasini, bizari nzima, karafuu, vyote kwenye mikebe iliyopangwa kama vitabu, na kila asubuhi alisaga mchanganyiko wa kwao, ule wa Kisomali wa kupikia wali na nyama, hata watu wa ghorofani wakafungua madirisha. Perez alikuwa akikaa naye kila siku, katikati ya harufu hizo zote, bila kupata hata moja.

"Mama Leyla, nusa huyu."

Khadro alimwinamia samaki, akafumba macho. Akanusa mara moja, akanusa tena.

"Hajaharibika," alisema. "Ana harufu ya... subiri. Ya ardhi mvua inapoanza kunyesha. Kwani wewe huisikii? Iko wazi hivi!"

Perez alimtazama samaki. Khadro akafungua macho, akamtazama rafiki yake usoni kwa muda, kisha akafungua mkebe wa karafuu, akausogeza chini ya pua ya Perez. Hakuna kilichobadilika usoni. Akafungua wa pili, akafungua wa tatu.

"Subhanallah," Khadro alisema polepole. "Tangu lini?"

"Tangu ule ugonjwa."

"Miaka yote hiyo unakaa hapa na mimi, nakuuliza bizari ya leo imekolea, unaniambia imekolea!"

"Ulikuwa unafurahi nikisema imekolea."

Khadro alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akaufunika mkebe, akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Basi kesho tunakwenda kwa huyo mwalimu wako," alisema. "Nitakuwa pua yako. Tuone anawafuga samaki kwenye nini."

Wakaenda. Shamba la Mwelu lilikuwa mahali pakavu penye upepo, nyasi zimegeuka rangi ya mkate, na mabwawa manne yamepangwa kwenye mteremko kama ngazi. Mwelu mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia pana na buti za mpira. Aliwakaribisha kwa uji baridi, akasikiliza malalamiko yote bila kukatiza, kisha akasimama.

"Mama Lorraine, kosa ni langu," alisema. "Njooni mwone."

Akawapeleka kwenye bwawa la tatu. Juu ya maji, pembeni ambako upepo ulisukuma, palikuwa na utando wa kijani unaoelekea buluu, kama rangi iliyomwagika.

"Huu utando ni hai," alisema Mwelu. "Ni vijidudu, vidogo mno, huwezi kukiona kimoja. Jua likikaza na chakula cha samaki kikizidi majini, vinazaana. Na vikizaana vinatoa kitu kinachoitwa jiosmini. Hicho ndicho harufu ya udongo. Kinaingia kwa samaki kupitia matamvua, kinakaa kwenye mafuta yake. Hakimdhuru mlaji hata kidogo. Lakini ulimi unakikataa. Dawa yake ni kumtoa samaki humu, kumweka siku kadhaa kwenye maji safi yanayopita, bila kumlisha, mpaka kimtoke. Mwaka huu maji ya kisima yalipungua, nikaharakisha. Nisameheni."

Khadro alichovya kidole, akanusa, akatikisa kichwa. "Ni yenyewe. Ile ile ya kwenye samaki."

Perez naye alichovya kidole akakipeleka puani, kwa adabu tu, kama mtu asiyejua kusoma anayeshikishwa gazeti. Hakusikia kitu. Akakifuta kwenye leso.

Bwawa la nne lilikuwa tupu. Mwelu alikuwa amelikausha tangu mwaka uliopita ili jua liue magonjwa, na sasa sakafu yake ilikuwa imepasuka vipande vipande, nyeupe, na mipasuko yake ingemeza mkono mpaka kiwikoni. Asubuhi hiyo lori la maji lilikuwa limejaza tangi juu ya mteremko, na Mwelu alitaka kuanza kulilowesha.

"Tunaweza kuzungumza huku nikifungua maji?" aliuliza. Akazungusha koki.

Bomba lilikohoa, likatema upepo, kisha maji yakashuka. Yalipogusa udongo ule mkavu yalitoa sauti ya kufyonzwa, kama mtoto mwenye kiu. Yakaingia kwenye mpasuko wa kwanza, yakapotea, yakatokea kwenye wa pili. Vumbi likaruka kidogo, vipovu vidogo vikatokea na kupasuka. Perez alikuwa amesimama ukingoni, mawazo yake yako Kariobangi, akijiuliza atawaambia nini wateja.

Mara akageuka nyuma, kama mtu aliyeguswa bega.

Hapakuwa na mtu. Akageuka tena kulitazama bwawa. Palikuwa na kitu hewani. Hakuweza kukipa jina. Kilikuwa chembamba kama uzi, kikaja, kikakatika. Alisimama bila kupumua, akiogopa kukivuruga. Kisha, polepole sana, akavuta pumzi.

Kikarudi. Kikaingia puani, kikapita nyuma ya macho, kikashuka mpaka kifuani. Kilikuwa baridi na kizito, kilikuwa na giza ndani yake, na utamu kidogo mwishoni. Na alikijua. Alikijua kabla hajajua kuwa anakijua: alikuwa kwa nyanya yake, Homa Bay, miguu mitupu kwenye shamba la mtama, wingu limefunika ziwa, na watu wazima wanakimbia kuanua nguo.

"Yawa," Perez alishangaa kwa Kijaluo. Akakaa chini pale pale ukingoni.

Khadro alimkimbilia. "Nini? Kizunguzungu? Ni jua?"

"Naisikia."

"Unasikia nini?"

"Udongo." Aliinua uso, na uso ule ulikuwa umelowa. "Mama Leyla, naisikia harufu ya udongo!"

Khadro alikaa chini naye, juu ya vumbi, na gauni lake zuri. Akamshika mkono. Maji yaliendelea kuingia kwenye mipasuko, na kila yalipofika mahali papya, harufu ilipanda tena, na kila ilipopanda Perez aliinua kidevu kama mtu anayeitwa. Mwelu, ambaye alikuwa hajaambiwa habari za pua, alieleweshwa na Khadro kwa maneno machache. Akaenda kupunguza koki, ili maji yaende taratibu na jambo lile lisiishe haraka.

Alipoona Perez ametulia, Mwelu alichuchumaa mbele yao na kuokota kibonge cha udongo mkavu.

"Nilifundisha kemia maisha yangu yote," alisema, "na kitu hiki bado kinanishangaza. Hii ni jiosmini ile ile ya kwenye samaki, lakini ya huku haikutoka kwenye utando wa maji. Kuna vijidudu vingine ndani ya udongo. Ukichota kijiko kimoja, umechota mamilioni. Wakati wa kiangazi vinajifunga, vinatengeneza mbegu, vinangoja. Vinaweza kungoja miaka. Tone la kwanza likianguka, harufu yao inarushwa hewani pamoja na vumbi. Tunasema ni harufu ya mvua. Mvua haina harufu. Ni hao."

Perez alikitazama kibonge kwenye kiganja cha mwalimu. Kilikuwa udongo tu, wa kijivu, wa kawaida kabisa.

"Wako humo sasa hivi?"

"Wako. Na hao ndio walitupa dawa. Ile sindano ya zamani ya kifua kikuu ilitoka kwa jamaa zao, wa humu humu ardhini."

"Sindano ya kifua kikuu?" Perez alishtuka. "Baba yangu alidungwa hiyo. Alidungwa mpaka akawa hawezi kukalia kiti. Lakini alipona. Mimi nilizaliwa baadaye."

Perez alinyoosha mkono, na Mwelu akamwekea kile kibonge kiganjani kwa uangalifu, kama anayempa yai.

"Na mbona ni hii?" Perez aliuliza hatimaye. "Karafuu sikuisikia, hata gesi sikuisikia. Mbona ni udongo?"

"Kwa nini yako imeanzia hapa, sijui, na sitakudanganya. Ila najua pua ya binadamu ni kali ajabu kwa harufu hii kuliko karibu nyingine zote. Nikupe mfano. Unalijua Bwawa la Ndakaini, linalotuletea maji Nairobi?"

"Nimeliona kwenye habari."

"Ni ziwa zima. Sasa chukua jiosmini tupu, kikombe kimoja, cha hivi tunavyonywea uji. Kimimine Ndakaini ikiwa imejaa pomoni, ukoroge. Nairobi nzima itafungua mifereji na kusema, leo maji yananuka udongo."

Perez alicheka kwa mshangao, mkono mdomoni. Khadro hakucheka. Alikuwa akitazama upeo wa mashariki, kule ambako nchi inakuwa tambarare na nyekundu.

"Babu yangu alikuwa na ngamia, ng'ambo ya Afmadow, kule Somalia," alisema. "Alikuwa akisema ngamia hawapotei. Kiangazi kikiwabana, mmoja anasimama, anainua pua, anageukia upande mmoja. Wengine wanamfuata. Wanatembea mchana na usiku, na wanafika mahali mvua imenyesha. Tulipokuwa watoto tulidhani ni hadithi za kutulaza."

"Wapo wataalamu wanaofikiri ni hii hii wanayoifuata," alisema Mwelu. "Hakuna aliyethibitisha. Lakini kuna wadudu weupe ardhini, wadogo kuliko kiroboto, ambao hilo limethibitishwa kwao. Wanaifuata harufu mpaka kwenye vijidudu, wanakula, wanaondoka na mbegu zimewaganda mwilini, wanazipanda kwingine. Harufu ni mwaliko."

"Mwaliko," Perez alirudia.

Walikaa pale mpaka sakafu yote ya bwawa ikawa nyeusi.

Kurudi kwa pua hakukuwa kurudi kwa mkupuo. Kwa majuma kadhaa Perez alisikia udongo peke yake. Alikuwa na kile kibonge ndani ya kikombe jikoni, na kila asubuhi kabla ya chai alikinyunyizia maji na kuinama juu yake. Owiti alimkuta hivyo, akataka kutania, akaona uso wake, akavua kofia. Siku nyingine vitu vilikuja vimepinda: kahawa ilinuka mpira unaoungua, vitunguu vikanuka sabuni. Lakini vilikuwa vikija. Jioni moja Owiti alirudi kutoka karakana, na Perez akaficha uso kwenye shati lake, akakaa hapo muda mrefu kiasi kwamba Lorraine aliyekuwa akisoma mezani alijifanya ana kazi chumbani.

Kuhusu samaki, Mwelu alitimiza ahadi. Alijenga tangi la maji yanayopita, na hakuna samaki aliyetoka kwake tena bila kulala humo. Na kwa wale wa mzigo wa mwisho waliokuwa bado na ladha ya shamba, Khadro alikuja na ndimu kikapu kizima. Mama yake, alisema, alikuwa hapiki samaki wa mtoni bila kumlaza kwenye ndimu na chumvi, ingawa hakuwahi kuambiwa sababu. Wakampigia Mwelu simu kumuuliza, naye akafurahi kwenye simu kama amepata mwanafunzi mpya: ukali wa ndimu unaivunja jiosmini, inageuka kitu kisicho na harufu. Perez aliwalaza samaki wale, akawakaanga, akampelekea Mumin mmoja kwenye meza yake ya viatu.

Mumin alimega, akatafuna, akasubiri. "Shamba imeenda wapi?"

"Kula," alisema Perez.

Mafundi wa vyuma walirudi, mmoja mmoja, kama watu waliokuwa safarini.

Mvua za masika zilichelewa. Zilipofika ilikuwa alasiri, na Perez alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya karai akipara magamba. Ardhi ya mahali pale haikuwa ardhi ambayo mtu angeiita shamba. Ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama saruji, nyeusi kwa mafuta machafu ya magari, imechanganyika na vumbi la chuma, makaa, vifuniko vya soda na mifuko iliyozikwa na miguu ya watu. Miaka yote aliyokaa hapo alikuwa akiihesabu kuwa imekufa. Wala hakuwa amefikiria kwamba ardhi yaweza kufa. Aliiona tu kuwa kitu cha kuwekea jiko.

Tone la kwanza lilianguka karibu na kidole chake cha mguu. Likaacha doa la ukubwa wa shilingi. Likaanguka la pili, na la tatu kwenye bega, na nyundo za mafundi zikanyamaza, wote wakikimbilia kufunika vitu vyao.

Na ikapanda. Ilitoka chini ya mafuta na chuma na makaa, ikapita katikati yake, safi, nzito, ile ile ya Kamulu, ile ile ya Homa Bay. Perez aliacha kisu. Hata hapa, aliwaza. Wakati wote huo, chini ya jiko lake, chini ya kigoda, walikuwapo kwa mamilioni, wamejifunga, wanangoja, na yeye amekaa juu yao akiwahesabu si kitu.

Khadro alitoka kibandani mwake mbio, akifunika mikebe kwa karatasi ya nailoni, mtandio umeloa. Alipoona Perez hajakimbia, naye akasimama.

"Unaisikia?" Perez aliuliza.

"Naisikia."

Mumin alipita akiwa amekumbatia viatu kifuani, akawaona wanawake wazima wawili wamesimama kwenye mvua, nyuso juu. "Mamathe, mnanyeshewa!" aliwapigia kelele. "Kuna nini?"

Perez alimvuta mkono, viatu na vyote, akamsimamisha kati yao. "Vuta pumzi," alimwambia. "Usiongee. Vuta tu."